Kapu wa Malewa hataki pupa

Mpenzi msomaji, ukisikia neno kapu bila shaka akili yako hukimbilia lile la ukindu ambalo mama huenda nalo sokoni. Leo silizungumzii hilo. Namzungumzia kapu samaki, yule mnene mwenye magamba makubwa yanayong'aa kama shaba na sharubu nne mdomoni. Wavuvi wa Naivasha wanamjua vyema. Wewe uliye mjini huenda umemla bila kujua jina lake.

Samaki huyu ni mgeni. Asili yake ni Ulaya na Asia, na Wachina wamemfuga tangu kale. Katika Ziwa Naivasha hakualikwa na mtu. Alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia samaki huko juu, akateremka na maji ya Mto Malewa, na kufikia mwaka wa 2001 alikuwa ameonekana ziwani. Kabla ya miaka kumi kupita, sehemu kubwa ya samaki waliovuliwa humo ilikuwa kapu mtupu. Hata wenzake aliowakuta si wenyeji. Basi aliletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929, na kamba wa maji baridi, ambao asili yao ni Louisiana, waliingizwa mwaka wa 1970. Kisamaki kidogo cha asili kilichokuwa kikipatikana ziwani hakijaonekana tangu miaka ya 1960.

Sasa, wengi hudhani kwamba kapu ni wa kunaswa kwa wavu tu, au kwa ndoana yenye donge la ugali. Hebu nikueleze njia nyingine, ambayo mwanafunzi aliye likizoni na mzazi wake wanaweza kuifanya pamoja: kumtega kwa nzi.

Usikunje uso. Si nzi yule anayetua kwenye sahani yako. Huyu ni nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya, nywele za mnyama na uzi mpaka ikafanana na mdudu wa majini. Tena nzi hawa hawatoki mbali. Tangu enzi za ukoloni Kenya imekuwa na mafundi wanaowafunga kwa mkono, wengi wao akina mama na vijana, na kazi yao husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Ajabu ni kwamba wengi wanaofunga nzi hao hawajawahi kumrusha hata mmoja majini. Mwingereza anavua kwa kitu kilichotengenezwa Nairobi, nasi twadhani mchezo huo ni wake peke yake! Dhana hiyo ilitokana na trauti, samaki aliyeletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na kutiwa katika mito baridi ya Nyandarua. Mchezo wa kumvua ulikuwa wa mabwana. Kapu hajui mabwana. Anaishi kwenye maji ya vuguvugu yenye tope, karibu na watu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Katika uvuvi wa kawaida, risasi ndiyo inayoupeleka mshipi mbali. Nzi wa manyoya hana uzito wowote wa kumfikisha popote. Kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito, na ufito mrefu, wa futi tisa hivi, huurudisha nyuma hewani kisha kuusukuma mbele. Mwishoni mwa mshipi huo hufungwa uzi mwembamba wa nailoni ambao samaki hauoni kwa urahisi, na ncha ya nailoni ndiyo inayomshika nzi. Kabla hujagusa maji, jifunze kurusha kwenye uwanja wa shule au nyasi za mtaa. Toa ndoana kwanza, ufunge kipande cha uzi wa sufi mahali pake, usije ukamtoboa jirani sikio.

Kisha mjue unayemtafuta. Kapu hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni. Hula kwa kufyonza tope, akachuja viluwiluwi, konokono na mbegu, na kutema uchafu. Ndiyo maana utamtambua kwa mapovu yanayopanda, kwa maji yanayochafuka ghafla mahali pamoja, au kwa mkia unaochungulia juu huku kichwa kikiwa chini. Anasikia vizuri mno. Ukitembea kwa kishindo ukingoni, au mtoto akirusha jiwe, atakuwa ameshatoweka.

Kwa hiyo nenda polepole. Simama mbali kidogo, jua likiwa limepanda ili uone ndani ya maji. Miwani ya jua itakusaidia. Usimrushie nzi kichwani. Mtupe mbele yake kidogo, umwache azame taratibu, kisha umsogeze kidogo tu, kama mdudu anayetambaa. Halafu mtazame samaki, si mshipi. Akigeuza kichwa au akitulia ghafla, vuta mshipi kwa mkono bila kuuinua ufito juu. Hapo ndipo pupa humponza mvuvi: akivuta mapema, nzi hutoka mdomoni, akichelewa, kapu amekwisha kumtema. Na ukimpata, mwache akimbie. Kapu wa kilo nne ana nguvu za kukata nailoni kama uzi wa kushonea iwapo utang'ang'ania.

Lakini nisikudanganye kwamba mto ni mahali pa mzaha. Mzazi, sikiliza kwa makini. Katika sehemu za chini za Malewa na kando ya ziwa lote kuna viboko. Usiku hutoka kula nyasi, na alfajiri hurudi majini kwa njia zao. Mtu akisimama baina ya kiboko na maji amejitakia mauti. Kwa hiyo usiende alfajiri wala jioni, usiingie majini, na kamwe usimwache mtoto peke yake ukingoni. Ukivua kwenye Mto Tana au bwawa la Masinga, ambako pia kapu wapo, ongeza mamba kwenye hesabu yako. Nenda na mwenyeji anayelijua eneo. Isitoshe, ardhi nyingi za ukingoni zina wenyewe. Bisha hodi kwanza. Na kabla ya yote, pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti uulizie leseni na kanuni za mahali unapokwenda.

Liko jambo jingine ambalo ni kubwa kuliko mchezo. Ng'ambo, wengi wanaomvua kapu kwa burudani humbusu na kumrudisha majini. Huo ni uungwana wa kwao. Huku kwetu, kapu hutifua tope, maji yakawa machafu na mimea ya majini ikakosa mwanga. Jike mmoja hutaga mayai laki kadhaa. Wakati huohuo, ndiye samaki aliyezilisha familia nyingi za wavuvi wa Naivasha wakati ambapo samaki wengine walikuwa haba. Kwa hiyo simwiti adui, wala simwiti rafiki. Ninachosema ni hiki: ukimvua, mpeleke jikoni. Usimtie akiwa hai kwenye ndoo ukampeleka kwenye bwawa la babu kijijini eti azaane. Hivyo hivyo ndivyo alivyofika Naivasha: bwawa la mtu leo, mto wa watu wote kesho. Na ukinasa kisamaki kidogo cha asili cha mtoni, mrudishe upesi, mkono wako ukiwa umelowa maji.

Jikoni nako ana masharti yake. Ana miiba midogo mingi ndani ya nyama. Mpare magamba, mtoe matumbo, kisha mchanje ubavuni kwa kisu kikali, mistari iliyokaribiana, mpaka karibu na uti wa mgongo. Harufu ya tope huisha ukimloweka kwenye maji yenye chumvi na ndimu kwa nusu saa. Mkaange kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa, na miiba ile midogo iliyokatwa italainika. Hata hivyo, mtoto mdogo mchambulie kwa mkono. Ugali na sukumawiki vitamaliza kazi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kijana anayefundishwa kukaa kimya saa mbili akitazama maji, kuomba ruhusa kabla ya kupita shambani kwa mtu, na kufikiri kabla ya kuhamisha samaki kutoka mto mmoja hadi mwingine, amejifunza mengi ambayo hayaandikwi ubaoni. Likizo ijayo, badala ya kumwacha mbele ya runinga mchana kutwa, mtafutie ufito.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.