Nani Aliyemtuma Mwana wa Liyongo?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hata hivyo, jijini Nairobi fimbo ya mbali imeua mara nyingi, mradi apatikane kijana wa kuibeba. Makala haya yanamhusu kijana huyo, na jinsi sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tunavyompita bila kumtazama.

Kwa miaka mingi vibanda vya video katika mitaa kama Kibera na Kawangware vimekuwa shule ya sanaa kwa vijana wengi. Picha hutoka Marekani au Uchina. Sauti ni ya DJ Afro akiifasiri kwa Kiswahili cha mtaani, na kwenye mabenchi kila mtazamaji anaijua kanuni kuu: steringi hafi. Anayekufa ni mbabe wa genge. Huyu ndiye avunjaye mlango, apigaye kabla ya kuuliza, asiyejali risasi wala polisi. Katika tamthilia za uhalifu zenye majagina wa nguvu za ajabu, mbabe huwa ngazi tu: jagina humkanyaga apate kumfikia bwana mkubwa aliye juu. Akianguka, kibanda kizima hushangilia. Hakuna anayeuliza alikuwa mwana wa nani.

Mfano wa karibu ni tamthilia ya Sense8 (2015–2018), ambayo sehemu yake ilipigiwa papa hapa Nairobi. Capheus, dereva wa matatu, anamtafutia dawa mama yake anayeugua UKIMWI, na nguvu za wenzake wa mbali zinamwingia mwilini akapigana na genge linalomnyang'anya dawa hizo. Huyo ni mhusika duara bila shaka. La kustaajabisha ni kwamba hata Silas Kabaka, tajiri wa uhalifu, amepewa binti mgonjwa wa kumpenda na kumlilia. Mkubwa amepewa moyo. Vijana wengi wa genge wamepewa mapanga tu. Filamu ya Nairobi Half Life (2012) ilijaribu kuwa na haki zaidi. Mwas anatoka kijijini akitamani uigizaji, anajikuta katika genge la Oti, na tunawaona vijana hawa wakicheka, wakiogopa na wakiota ndoto, hadi bunduki za polisi wala rushwa zinapowageukia. Lakini filamu ya namna hiyo ni moja kati ya nyingi.

Ikumbukwe kwamba jambo hili si la sinema pekee. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Kibera ilizionja kwa uchungu, Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini. Ripoti yake ya mwaka 2008 ilieleza kuwa sehemu ya ghasia hizo ilipangwa, na kwamba wanasiasa na wafanyabiashara walihusishwa na kuyafadhili magenge. Je, majina yalikwenda wapi? Mwaka 2010 serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi magenge 33 yaliyopigwa marufuku, kila moja kwa jina lake. Majina ya waliotuhumiwa kuwa nyuma ya ghasia, kwa upande mwingine, yalitiwa ndani ya bahasha, bahasha ikafungwa, ikakabidhiwa Kofi Annan. Baadaye watu sita walitajwa mbele ya mahakama ya Hague, na kufikia mwaka 2016 kesi zote zilikuwa zimekwisha bila hata mmoja wao kutiwa hatiani. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, vibanda na nyumba viliteketea Kawangware. Juni 2025, vijana wenye marungu na mijeledi walipanda pikipiki na kuwavamia waandamanaji katikati ya jiji. Kila mara picha za vijana husambaa. Mkono uliowatuma hauonekani pichani.

Hapa ndipo ninapowarudisha wasomaji nyumbani, kwenye pwani ya Pate. Sote tulipokuwa shule ya upili tulikariri sifa za jagina wa mighani: huwa na nguvu zipitazo za kawaida, huwa na siri ya udhaifu wake, husalitiwa na mtu wa karibu, hufa kifo cha ajabu. Mfano wetu ulikuwa Fumo Liyongo. Mwanawe tulimtaja katika nukta moja, "husalitiwa", tukapata alama yetu na kusonga mbele. Waama, tulifanya kama wale watazamaji wa kibandani.

Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, haukufanya hivyo. Unatuonyesha mfalme anayemwogopa Liyongo lakini hathubutu kumkabili. Unatuonyesha ahadi: cheo, na binti wa mfalme awe mke. Unatuonyesha baba anayemshuku mwanawe kuwa ametumwa, akamwonya kwamba anadanganywa, na bado akamfichulia siri ya shaba na kitovu. Kijana anasitasita, mfalme anamhimiza. Na baada ya pigo, utendi haumwachi. Unamfuata hadi ahadi inapovunjwa, heshima inapovuliwa, naye anaugua na kufa. Mtumwa, mtumaji na malipo, vyote vitatu viko mbele ya msomaji. Mfalme hana bahasha ya kujifichia.

Huenda mhadhiri wangu akauliza: je, huku si kumtetea mwuaji? Mama mboga wa Kawangware aliyepoteza kibanda na akiba yake ana haki gani, iwapo tunamtungia machozi aliyekitia moto? Swali hili ni zito, wala silikwepi. Hata hivyo, utendi wenyewe umelijibu. Haumsamehi mwana wa Liyongo hata kidogo. Ameua baba yake na laana inamwandama. Kumchora mtu kwa ukamilifu si kumwondolea hatia. Kinyume chake, anayemchora mbabe kama mnyama asiye na akili ndiye anayemtetea mtu fulani, yaani yule aliyemlipa. Mnyama hatumwi, huruka kwa tabia yake. Binadamu ndiye atumwaye, na mama mboga anastahili kuwajua wote wawili, aliyewasha kiberiti na aliyekinunua.

Kwa hivyo rai yangu kwa wanafunzi wenzangu ni hii. Tunapohakiki filamu, riwaya au tamthilia ya jiji, tusitosheke kumwandika mbabe kuwa "mhusika bapa, katili" na kufunga daftari. Tuulize amelelewa wapi, amelipwa nini, na nani atakayekuwa salama akishakufa. Na kwa wale miongoni mwetu wanaotunga, mtaani mna mhusika anayesubiri kalamu: kijana wa Kibera au Kawangware aliyeahidiwa binti wa mfalme. Tukimwandika vyema, pengine mwenzake, akisoma, ataisikia sauti ya Liyongo ikimwambia kabla ya pigo kwamba anadanganywa.