Chujio Jekundu la Staa Halitakununulia Injini

Wadau, kuna mastaa wetu ambao kupiga picha pembeni ya ndinga hakuwatoshi. Lazima wafungue boneti. Hatutaji jina la mtu hapa, mnawajua. Kamera inashuka taratibu, muziki chini kwa chini, halafu tunaonyeshwa chujio la hewa jekundu lenye umbo la koni, linang'aa kama limetoka saluni. Kesho yake kila kijana mwenye IST anamuuliza fundi wake, "Na mimi naweza kufungiwa lile?"

Unaweza. Swali ni kama unalihitaji, na mimi nasema wengi wetu hatulihitaji.

Sina ugomvi na staa. Ana hela, ana fundi wake, na injini ikimfia atanunua nyingine. Namuwaza kijana wa pale Mombo anayeendesha gari la mkataba, anapeleka hesabu kwa bosi kila siku akisubiri siku gari litakapokuwa lake. Abiria anawapandisha Lushoto kupitia Soni, na siku akipata kichwa cha Handeni au cha ndani kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, anaingia vumbini. Huyu injini ikimfia katikati ya mkataba, miezi yote ya kuamka alfajiri imekwenda na maji.

Tuelewane kwanza. Chujio la hewa, au ea klina kama mafundi wanavyoliita, lina kazi moja kubwa: kuzuia vumbi lisiingie kwenye injini. La kawaida ni la karatasi iliyokunjwakunjwa, likichafuka unatupa. Lile la mastaa ni la kitambaa cha pamba kilichopakwa oili, unaliosha na kulirudisha. Kampuni iliyolipa jina ni K&N iliyoanzia California mwaka 1969 kwa watu wa mbio za pikipiki. Kwenye mashindano kila sekunde ina bei, na injini inafunguliwa mara kwa mara. Wewe unashindana na nani, Coaster?

Wanasema linaongeza nguvu. Kwenye injini iliyochezewa kwa ajili ya mbio, sawa. Ila kwenye gari la mtaani, chujio jipya la karatasi tayari linapitisha hewa ya kutosha, na nyongeza ni ndogo kiasi kwamba mguu wako hautaisikia. Unachosikia ni mngurumo. Koni iliyo wazi inatoa sauti nzito, na sisi Wabongo tukisikia sauti tunadhani ni spidi. Tena koni hiyo ikikaa wazi chini ya boneti bila kukingwa, inavuta hewa ya moto ya injini. Joto la Mombo mnalijua. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi inapunguza nguvu. Umelipa hela kupunguza kile ulichotaka kuongeza.

Na ule mlima? Gari linachoka kupanda Lushoto kwa sababu unapanda karibu mita elfu moja ndani ya kilomita zisizofika 40, na kadiri unavyopanda hewa inapungua. Injini isiyo na tabo inaweza kupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kupanda huko tu. Hakuna chujio litakalorudisha hewa ambayo mlima hauna.

Hoja ya mafuta nayo tuimalize. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari kwa machujio masafi na yaliyoziba. Kwenye magari ya kisasa ya injeksheni, kuziba kwa chujio hakukubadilisha sana ulaji wa mafuta, ila gari lilikuwa zito kuchanganya. Sasa kama hata chujio lililoziba halikuongeza sana ulaji, hilo jekundu litakuokolea lita ngapi?

Sasa vumbi, hapa ndipo pa kulia. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga unalika chuma. Ukipita kwenye chujio unaenda kusugua silinda na ringi za pistoni polepole, kama msasa. Hutaona leo. Utaona baadaye gari likianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na fundi akikuambia andaa hela ya injini. Chujio la pamba linazuia vumbi vizuri likiwa limeoshwa na kupakwa oili inavyotakiwa. Tatizo ni hicho "inavyotakiwa".

Kuliosha kuna sabuni yake maalumu. Unasuuza kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, unaliacha likauke lenyewe bila kupulizwa kwa kompresa, halafu unapaka oili kidogokidogo na kusubiri ienee. Ukipaka kidogo mno, vumbi linapita. Ukizidisha, oili inaenda kuchafua sensa ya hewa na gari linaanza kukohoa. Na wakati linakauka, gari limelala. Mtu wa hesabu atamwambia bosi nini, kwamba leo chujio lipo kwenye kamba ya nguo?

Na hapo nazungumzia orijino. Kuna ya bei poa yasiyo na jina, rangi ni hiyohiyo, lakini hujui kilichomo ndani.

Haki yao niwape. Kama unapenda magari kweli, una muda, una vifaa vyake vya kuoshea na unapita lami tu, nunua lako la kuosha na ufurahie. Utapunguza na takataka. Ila liwe lile linalokaa ndani ya boksi lake la kiwandani, siyo koni ya kupigia picha.

Wengine wote, karatasi. Kwa Toyota zetu hizi za kila siku halifiki hata bei ya nusu tangi la mafuta. Na tuache ubahili: usioshe karatasi kwa petroli, na usiruhusu fundi alipulize kwa upepo mkali kisha akuambie limekuwa jipya, maana upepo unaweza kulitoboa matundu usiyoyaona. Kila unapomwaga oili, lifungue. Liangalie juani, mwanga ukishindwa kupita, badilisha. Ukiona vumbi upande wa ndani, badilisha na ukague mpira wake, inawezekana halikukaa vizuri. Ukiwa mtu wa vumbi la Handeni, usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana huenda aliyeziandika alikuwa akiwaza lami.

Staa anapata laiki kwa kufungua boneti. Wewe unapata ugali kwa boneti kubaki limefungwa na gari kutembea. Msichanganye hizo kazi mbili.

Wewe unatumia lipi, na limekupa nini? Tiririka hapo chini. Wazee wa koni najua mnakuja, karibuni, ila mje na hoja, mngurumo muuache nyumbani.