Usukani Mzito wa Pikapu ya Misioni



Msomaji mmoja wa upande wa Matai ameniandikia akiuliza kama yafaa kuitia pawa steringi pikapu yake ya zamani, maana mwanawe anayeiendesha hulalamika mabega kila arudipo kutoka mnadani. Swali lake limenigusa, kwa sababu hapa kwetu Msanzi tulikuwa na swali hilo hilo mwaka jana, na kabla hatujalipatia jibu tulipoteza fedha ya watu. Basi leo namjibu yeye na ninyi nyote mlio na magari ya namna hiyo.

Gari la parokia yetu ni Toyota Land Cruiser pikapu ya mwaka 1982, ile ambayo vitabu vya kiwanda huiita HJ47. Injini yake ni dizeli ya 2H, silinda 6, lita 4 kasoro kidogo, chuma kitupu, nayo yote imelalia magurudumu ya mbele. Hubeba mahindi ya zaka, saruji, wanakwaya, wagonjwa na mara nyingine maiti. Dereva wetu ni mzee wa miaka 61, ameiendesha tangu alipokuwa kijana, na usukani wake hauna msaada wowote ila mikono yake.

Siku moja ya masika alikuwa akimpeleka Sumbawanga mama aliyeshikwa na uchungu. Gurudumu la mbele likaingia katika mfereji uliochimbwa na maji, usukani ukageuka kwa nguvu ukampiga kidole gumba, nao ukamponyoka. Gari lilisimama ukingoni kabisa. Aliliendesha mpaka hospitali kwa mkono mmoja na nusu, mama akajifungua salama mtoto wa kike, lakini kidole cha mzee kilikuwa kimevunjika. (Vijana, nawaambia kabla sijasahau: katika njia mbovu msiingize vidole gumba ndani ya duara la usukani. Viacheni vilale juu yake pamoja na vidole vingine.)

Jumapili iliyofuata wazee wa parokia walikutana. Wengine walisema mzee apumzike, aajiriwe kijana. Wengine walisema gari liuzwe. Mwisho tukakubaliana tuitie pikapu pawa, na hapo haraka yetu ikatuponza. Mtu mmoja alikuja na habari ya steringi boksi ya pawa iliyovushwa ziwani kutoka Kongo, bei yake nafuu. Tukauza magunia 6 ya mahindi, nami mwenyewe, karani, nikaandika malipo kitabuni kwa mkono wangu. Kumbe! Kongo magari hupita mkono wa kulia wa barabara, na usukani wao uko kushoto. Boksi ile ilitengenezwa kwa upande wa kushoto wa chesisi, mikono yake yaangalia kusikotufaa. Mwenye kuiuza alikuwa amekwisha kwenda zake. Sisi tunaokaa karibu na ziwa Tanganyika yatupasa kulijua jambo hili zaidi ya watu wa mbali: kifaa cha usukani kutoka Zambia chaweza kufaa, kwa maana nao hupita kushoto kama sisi, lakini cha kutoka Kongo au Burundi ukitazame mara mbili.

Kulikuwa na fundi mwingine aliyejitolea kutusaidia. Alisema ataukata mkono wa boksi ile kwa msumeno, augeuze, kisha auchomelee. Wazee wawili walipiga makofi. Nashukuru kwamba Baba Paroko alikataa. Babu zetu Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu yaliyozidi kimo cha mtu, wakakisafisha tena katika tanuri ndogo za vintengwe kabla hakijafuliwa kuwa jembe, nao walijua kwamba chuma kilichopata moto vibaya huvunjika bila kupiga hodi. Mkono wa usukani si jembe. Jembe likivunjika waenda nyumbani kupata uji. Mkono wa usukani ukikatika kwenye mteremko, na watu 15 nyuma, hakuna breki ya kuwarudisha barabarani.

Ndipo tukapata fundi wa Sumbawanga, mtu mkimya, ambaye hakutaka hata kuiona boksi yetu. Alitaka jeki. Aliinua ekseli ya mbele mpaka magurudumu yote mawili yakawa hewani, akatia magogo chini yake, kisha akaniambia, "Karani, zungusha." Nikazungusha. Usukani ulikuwa mzito vile vile! Akasema: gurudumu lililo hewani halibebi kitu, kwa hiyo uzito huu si wa gari, ni ugonjwa wa vyuma.

Akafungua fimbo moja baada ya nyingine, akijaribu kila kiungo peke yake. Katika magari haya kuna mkono wa katikati uliofungwa kwenye chesisi, unaopokea nguvu kutoka boksi na kuipeleka magurudumuni. Una chuchu yake ya grisi, nayo yetu ilikuwa imezibwa na udongo mgumu sijui tangu lini. Mkono ule ulikuwa umekauka, waenda kwa kukwaruza. Beringi za juu na chini pale gurudumu linapogeukia zilikuwa na kutu. Boksi yenyewe ilikuwa na oili kidogo tu. Na magurudumu ya mbele, yale ya 7.50-16, yalikuwa na upepo haba, kwa sababu kijana wetu aliona gari likiwa laini watu hawarushwi sana.

Siku mbili alisafisha, akabadili beringi, akapiga grisi, akajaza oili na upepo. Usukani ukawa mwepesi kwa kiasi ambacho mzee dereva alicheka alipoushika. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Matai, anzia hapo. Kama gari lako ni Land Rover ya zamani, ugonjwa kama huo hukaa katika kiungo kilichosimama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi. Kikikosa oili hukaza mpaka usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Wako wengi waliolipia pawa ya bure, yaani pawa ya kushindana na kutu.

Hata hivyo pikapu yetu ikibeba mzigo, na njia ikiwa ya mashimo, kazi ya mabega ilibaki, na lile pigo la usukani lilibaki. Msaada ulihitajiwa kweli. Ila msaada upi?

Fundi alitueleza kwa kutumia kijiti cha ufagio. Injini huendesha pampu ndogo, nayo pampu husukuma oili kwa nguvu kubwa, kilo 70 na zaidi juu ya kila sentimita mraba. Ndani ya boksi mna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo dereva anapogeuza usukani. Kule kujipinda hufungua njia ya oili upande mmoja au wa pili, na oili husukuma pistoni inayosaidia kugeuza. Dereva akiacha kukaza, kijiti hunyooka na msaada hukoma. Injini ikizimika au mpira ukipasuka, chuma bado kimeshikana na chuma, magurudumu hugeuka, ila kwa uzito unaopita ule wa kwanza. Na shimo linaporusha gurudumu, oili hulipokea pigo kabla halijafika mikononi. Niliposikia hilo nilikitazama kidole cha mzee.

Huenda mmoja wenu atasema kwamba kitu cha siku hizi hakifai kutiwa katika gari la zamani. Lakini pawa si ya siku hizi. Mhandisi wa Marekani, Francis Davis, aliyekuwa amefanya kazi upande wa malori katika kiwanda cha Pierce-Arrow na kuyaona mateso ya madereva, alionyesha gari lenye usukani wa oili mwaka 1926. Viwanda vilisita kwa ajili ya gharama. Vita ya pili ya dunia ilipokuja, magari mazito ya jeshi yalitiwa msaada huo, na mwaka 1951 Chrysler ikauza Imperial, gari la kwanza la watu kutoka kiwandani na pawa. Wakati huo Land Cruiser za ukoo wa namba 40 zilikuwa hazijazaliwa. Zilitengenezwa tangu 1960 hadi 1984, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kilianza kutoa pawa kwa mnunuzi aliyeitaka. Maana yake pikapu ya 1982 yenye pawa ni kitu cha haki. Yetu ilikosa tu kwa kuwa aliyeiagiza hakuilipia.

Tena iko ndugu yake wa rika moja. Mwaka 1980 lilitoka Land Cruiser la namba 60, lile refu la kufungwa nyuma, na lile liitwalo HJ60 lina injini ile ile ya 2H. Hapo ndipo fundi alipotupeleka. Palikuwa na HJ60 huko Mbeya, bodi imeliwa na kutu, usukani kulia. Tukanunua kutoka gari hilo moja kila kitu kwa pamoja: pampu na chuma chake cha kushikia, chombo cha oili, mipira, boksi, mkono wake, na kile chuma kirefu chenye viungo kinachotoka kwenye usukani. Neno hilo "kwa pamoja" lishikeni sana. Anayenunua pampu hapa, boksi kule, na mkono kwa mtu wa tatu, ndiye atakayeishia kwa mchomeleaji.

Boksi ya pawa husukuma chesisi kwa nguvu kuliko ile ya kwanza, basi fundi alitia bamba nene la chuma pale inapofungwa, na boliti zikapita katika mabomba madogo ili chesisi isibonyee. Viungo vya fimbo zote vilikuwa vipya. Hakuna mkono wala fimbo ya usukani iliyochomelewa, nami nilisimama pale siku zote tatu kuhakikisha, ingawa nilifundishwa ualimu wala si ufundi. Kisha gari likapelekwa kwa polisi wa usalama barabarani kukaguliwa.

Mambo machache ya kulitunza. Oili yake ni ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Msitie oili ya breki hata tone, huozesha mipira ya ndani. Mara ya kwanza upepo hutolewa kwa kuinua magurudumu na kuzungusha usukani taratibu, kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Barabarani, ukifika mwisho wa kona, usiushikilie usukani pale ukisikia pampu inalia. Oili huchemka. Na usiugeuze gari likiwa limesimama kabisa, acha lisogee kidogo kwanza.

Lipo na baya moja sitalificha. Usukani mwepesi hunyamaza. Zamani mzee aliusikia utelezi mikononi mwake kabla gari halijateleza, sasa habari humfikia kwa kuchelewa. Wiki za kwanza aliendesha polepole kuliko zamani, na abiria wakanung'unika kwamba gari limetiwa nguvu ili lipunguze mwendo.

Wako walionishauri juu ya ile pawa ya umeme inayotolewa katika magari madogo yaliyokufa. Sisi tuliikataa. Umeme wa pikapu kuukuu hutosha taa na kuwasha injini, na siku ya mvua hata taa zenyewe zasitasita.

Ama mwenye Land Rover ya springi za vyuma bapa, kiwanda hakikumwekea pawa. Ilikuja na One Ten mwaka 1983. Kwake ningesema atengeneze viungo vyake vyote kwanza, aendeshe miezi 3, ndipo aniandikie tena.

Ile boksi ya Kongo bado iko stoo, chini ya viti vilivyovunjika. Yeyote anayemjua mtu mwenye Land Cruiser ya usukani wa kushoto aniletee habari, tupate japo magunia 2.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitamjibu mama aliyeuliza habari za panya katika ghala la mahindi.