Orodha imemruka Tabichi

Mwandishi, orodha yako ya walimu wa kufuata mtandaoni imemruka Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa sekondari ya Keriko, Nakuru, Kenya, aliyetwaa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019 na dola milioni 1. Wanaosema kwenye maoni hapo juu kwamba walimu wa mtandaoni ni mbwembwe tu, wajue shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Alipakua masomo kwenye intaneti kafe, akayatumia darasani bila mtandao. Njia hiyo inaifaa Njombe, ambako mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni. Kwa hiyo anayepaswa kuwa wa kwanza kufuata kurasa za walimu wa mtandaoni ni mwalimu mwenyewe.

Kwa mtaala wetu wa Tanzania lipo jukwaa la kujifunzia mtandaoni la Shule Direct, lililoanzishwa na Faraja Nyalandu. Wadau wa Makambako, mwalimu wenu anayefundisha mtandaoni ni yupi? Wekeni ukurasa wake hapa.