Umeme Ubanwe, Wanafunzi Wasibanwe

Neno "kubana" limezoeleka mno katika ofisi zetu za umma. Tunaambiwa tubane matumizi, tubane bajeti, tubane umeme. Mpenzi wa lugha atatambua kwamba kitenzi hiki hakikosi mbanwaji. Je, umeme unapobanwa, ni nani hasa anayeumia?

Msimu wa kaskazi nilizuru shule moja ya umma pande za Mkongani, ubavuni mwa vilima vya Shimba. Saa nane mchana joto la mabati yasiyo na dari lilikuwa limewalegeza walimu na wanafunzi sawia. Jioni nilielezwa kwamba taa huzimwa mapema, kwani gharama ya umeme imeishinda shule. Wiki iyo hiyo niliingia katika ofisi moja ya umma ambamo kiyoyozi kilivuma ilhali madirisha yako wazi na mkubwa mwenyewe hayupo.

Wapo watakaosema kwamba taabu ya watumiaji haiepukiki. Ni kweli kwamba ukame ulipopunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana mwaka 2000, Wakenya walikatiwa umeme kwa zamu. Hapo hapakuwa na hiari. Lakini hatua ya dharura haiwezi kugeuzwa kuwa desturi ya kusimamia majengo.

Hapana shaka kiini cha tatizo ni ujenzi wenyewe. Mara nyingi darasa la Kwale hujengwa kama lile la Limuru kwenye baridi, kisha umeme ukatakiwa kurekebisha kosa la mchoraji. Wazee wa Pwani walijenga kuta nene za mawe na chokaa, wakaezeka makuti na kuweka baraza zenye kivuli. Karibu na ikweta, jengo ambalo kuta zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini huepuka jua kali la asubuhi na la alasiri. Dari chini ya mabati, madirisha yanayokabiliana na miarobaini michache uani hupunguza joto bila senti moja ya umeme. Aidha, balbu za LED hutumia chini ya robo ya umeme wa balbu za zamani kwa mwangaza ule ule.

Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo yanayotumia umeme mwingi kuyakagua kila baada ya miaka 3. Shule ya kijijini haikulengwa, lakini haikatazwi kujikagua. Wanafunzi wa sayansi wanaweza kusoma mita kila siku na kuandika ni chumba kipi kinachotumia umeme bila mtu ndani. Walimu nao waulizwe ni saa zipi taa zinahitajika.

Msimamizi mwadilifu huanza kuzima pale pasipo na mtu. Taa ya mtahiniwa anayedurusu iwe ya mwisho kuguswa, kwani jengo la shule lilijengwa kwa ajili yake.