MALALAMIKO YA WENYE ULEMAVU YAANDIKWE

Wazee wetu walituonya kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Onyo hilo ni la zamani, lakini zipo ofisi za umma ambazo hazijalizingatia. Mwananchi mwenye ulemavu akibaguliwa mbele ya meza ya ofisa, mara nyingi hana pa kulalamika ila mbele ya meza ile ile.

Tuchukue mfano. Mtu asiyesikia atoka Butiama alfajiri kwenda Musoma, makao makuu ya mkoa wa Mara, kutafuta huduma ya Serikali. Ofisini hakuna ajuaye lugha ya alama. Aandikiwa kwenye kipande cha karatasi arudi na mtoto wake aje amtafsirie. Mwingine, mkazi wa Bunda atumiaye kiti cha magurudumu, akuta ofisa anayemtaka yuko ghorofani, wala hakuna anayekubali kushuka. Hakuna aliyewatukana watu hawa, lakini wote wawili wamebaguliwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, watamka wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010.

Basi sheria tunayo. Kinachokosekana ni kitabu cha kuandikia malalamiko. Mlalamikaji huambiwa kwa upole, "Njoo kesho," na kesho ikifika huambiwa bwana mkubwa yuko safarini. Baada ya miezi mitatu hakuna jalada, hakuna tarehe, hakuna shahidi. Ofisi yaweza kusema kwa kinywa kipana kwamba haijapata kulalamikiwa.

Jambo hili lapaswa kutuuma zaidi sisi tunaoiheshimu Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere. Chini ya uongozi wake, mwaka 1966, nchi yetu ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ili mwananchi wa kawaida apate pa kumshitaki mwenye madaraka. Makamishna wake hawakungoja ofisini tu. Walizunguka mikoani kuwasikiliza wananchi. Kazi hiyo leo ni ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001. Lakini tawi lake la Mwanza ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Bunda, na si kila mwenye ulemavu awezaye kupanda basi bila ya msaada.

Mtumishi wa umma mwenye ulemavu naye ana shida yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, yampasa amalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kwenda kwenye vyombo vya kazi. Mlango wa ndani ukizibwa kwa "njoo kesho", ule wa nje nao umezibwa.

Kwa hiyo twashauri mambo manne, na yote hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila lalamiko liandikwe masjala siku ile ile, na mlalamikaji apewe hati yenye namba na tarehe. Asiyeweza kuandika aandikiwe, kisha asomewe. Asiyesikia atafutiwe mkalimani, asilazimishwe kumtwika mtoto siri zake. Pili, anayelalamikiwa asiwe msikilizaji wa shauri lake mwenyewe. Naye apewe nafasi kamili ya kujieleza, kwani si kila lalamiko ni la kweli, na ofisa mwema huokolewa na maandishi kama anavyookolewa mnyonge. Tatu, siku ya kujibu itajwe tangu mwanzo, na jibu litolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake. Nne, kamati za watu wenye ulemavu, ambazo sheria ya 2010 ilizitaka tangu ngazi ya kijiji na mtaa, zionyeshwe vitabu hivyo bila ya kufichua majina, zipate kujua ni yapi yaliyojibiwa na yapi yaliyolala.

Wanaohusika si watu wachache. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu. Wanalipa kodi, wanapiga kura, na wengi ni wanachama wenzetu. Chama ambacho imani yake yaanza na usawa wa binadamu hakiwezi kuridhika na usawa unaoishia mlangoni mwa ofisi. Viongozi wa Musoma, Bunda na Butiama waweza kuanza Jumatatu ijayo kwa daftari moja na kalamu moja.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.