Helmeti pekee haiwezi kuulinda ubongo wa mchezaji

MNAMO Machi 2010, Marc Savard wa timu ya Boston Bruins aligongwa kichwani kwa bega na Matt Cooke wa Pittsburgh Penguins. Kisa hicho kilitokea katika NHL, ligi kuu ya mchezo wa magongo wa barafuni Amerika Kaskazini. Savard alikuwa amevaa helmeti, lakini akapata mtikisiko wa ubongo. Cooke naye hakuadhibiwa, kwa kuwa sheria za wakati huo hazikukataza pigo kama hilo.

Wengi hudhani kwamba kofia ngumu yatosha. Ni kweli kwamba helmeti husaidia fuvu lisipasuke. Hata hivyo, ubongo ni kitu laini, chenye uzani wa takriban kilo 1.4, na umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Bega linapogonga taya kutoka upande, kichwa huzunguka ghafla ilhali ubongo huchelewa kukifuata. Nyuzi zake nyembamba huvutwa na kupindika. Mwanafizikia Mwingereza, Holbourn, alieleza hatari ya mzunguko huo tangu mwaka 1943. Helmeti haiuzuii, kwani huzunguka pamoja na kichwa.

Kwa hivyo, kinga kubwa imo katika sheria. Utafiti uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2010 ulilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 katika majimbo mawili. Kule Alberta waliruhusiwa kukumbana kwa miili, ilhali Quebec walikatazwa. Hatari ya mtikisiko wa ubongo Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu, ingawa watoto wa pande zote mbili walivaa helmeti. Marekani iliondoa makumbano kwa watoto wa umri huo mwaka wa 2011, na Kanada ikafuata 2013.

NHL ilipiga marufuku mapigo ya kulenga kichwa baada ya masaibu ya Savard. Lakini wachezaji wanaopigana ngumi uwanjani bado huketishwa nje kwa dakika tano tu, kisha hurejea mchezoni. Ligi haiwezi kudai inalinda vichwa huku ikivumilia ngumi.

Savard alipata mtikisiko mwingine Januari 2011, na hakucheza tena. Mara zote mbili, helmeti ilikuwa kichwani.